Hisa Hamsini za Mtani Wangu

Saa tisa na dakika ishirini alasiri, siku ya Jumatano, katika duka la steshenari mkabala na stendi ya Kibiti, binti anayeitwa Zuhura alibonyeza kitufe cha kutuma maombi, na nusu ya kampuni yangu ikawa ya mtu mwingine. Najua saa kwa sababu niliiandika kwa penseli nyuma ya risiti, kama nilivyozoea kuandika saa ya kumwaga zege. Zege ukijua lilimwagwa saa ngapi, unajua lini utatoa mbao. Kampuni haina kanuni hiyo. Nililijua hilo baadaye, na ndiyo maana naandika.

Nimefunga kazi mwaka huu, nikiwa na miaka hamsini na saba na magoti ya mtu wa themanini. Vijana mnaofanya ujenzi hapa Kibiti, Ikwiriri na Nyamwage mnakuja nyumbani kuniuliza kampuni inafunguliwaje. Nimechoka kueleza kwa mdomo, kwa sababu nikieleza kwa mdomo mnacheka, halafu mnaondoka na kicheko bila maelezo. Sitaandika nililipwa nini, wala ni lini nilipata daraja gani la ukandarasi. Hayo hayamfundishi mtu. Nitaandika nilivyoanza, nani alinifundisha, na kosa ambalo wakili asingelifanya hata kwa kulipwa, ila mtu wa huku kwetu angelifanya huku anacheka.

Nilianza kama mbeba kokoto kwenye barabara ya kusini, kabla daraja la Ndundu halijajengwa, enzi ambazo magari yalisubiri kivuko, na mto ukifurika yalisubiri mpaka madereva wakapata wachumba. Elimu yangu ni darasa la saba. Siku ya kwanza nilipewa karai lililotoboka. Nilibeba kutwa nzima nikidondosha kokoto njiani, na jioni nyapara akaniambia nirudi nikaziokote. Nikaziokota. Kesho yake nilikuja na kipande cha kandambili na waya, nikaziba tundu. Hakuna aliyenipongeza, lakini karai lile hawakuninyang'anya tena.

Mwalimu wangu alikuwa Fundi Chande wa Nyamwage, mtu mfupi, mvuta sigara, mwenye chupa moja ya soda ya kioo ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Kila lori la mchanga lilipofika, alijaza mchanga nusu chupa, akaongeza maji, akatikisa, akaiweka chini na kwenda kuvuta. Akirudi, mchanga umetuama chini na tope limekaa juu yake kama malai juu ya maziwa. Tope likizidi, lori linarudi. Madereva walipiga kelele, wengine walitaja majina ya wakubwa. Chande alikuwa akinyoosha kidole tu.

"Mie sijasema kitu, mwanangu. Gombana na chupa."

Nilijifunza kwake kuamini kitu kinachoonekana, si kinachosemwa. Baadaye nikanunua kitabu cha zege kwenye rundo la vitabu vilivyotumika, Dar es Salaam. Kilikuwa cha Kiingereza, hakina jalada. Nilikisoma kila Ijumaa baada ya sala, kamusi mkono wa kushoto. Kilinichukua miaka miwili, na mpaka leo kuna sura moja ya baridi kali na barafu ambayo sijapata pa kuitumia.

Wiki ileile niliyoanza kubeba kokoto aliajiriwa Bakari. Yeye alikuwa Mndengereko wa hapa bondeni, mimi ni Mmatumbi ambaye wazazi wake walishuka kutoka milimani. Ukoo wake na wangu ni watani tangu mababu. Kwa msomaji wa mbali nieleze kidogo. Mtani anaweza kukutania mbele ya wakwe zako na huruhusiwi kukasirika. Anaweza kuingia uani kwako akakamata kuku, akasema ni wake, na wewe unamwambia mchukue. Msiba ukitokea, yeye ndiye anayeshika jembe la kaburi, na yeye ndiye anayezuia mazishi kwa mizaha mpaka alipwe chochote, ili waliofiwa wapate mahali pa kucheka. Kumkatalia mtani mbele za watu ni kumwambia kwamba humjui.

Siku hiyo ya kwanza alinikuta nakula.

"Wee Mmatumbi, nani kakuonyesha wali? Huko milimani si mnachimba ming'oko na kulamba umande?"

"Na wewe nani kakuvika suruali? Si mmezoea kukimbia mafuriko uchi, vyungu kichwani?"

Akakaa, akachota nusu ya wali wangu kwa kijiko chake mwenyewe, alichokuwa ametembea nacho mfukoni. "Kila cha Mmatumbi, nusu changu." Sentensi hiyo nimeisikia zaidi ya adhana. Aliisema juu ya sigara, juu ya sabuni, juu ya mkeka, na siku ya harusi yangu aliisema juu ya bibi harusi, watu wakaanguka kwa kicheko.

Tulifanya kazi pamoja toka hapo. Mimi nilipima, yeye alisema na watu. Ningeweza kukuambia mtaro unashuka sentimita ngapi kwa kila mita kumi, lakini sikuweza kumshawishi mwenye shamba auhamishe muhogo wake ili mtaro upite. Bakari aliweza. Alikaa na mwenye shamba, akala naye muhogo wenyewe, na kesho yake shamba liko wazi.

Kazi iliyonitia hamu ya kampuni ilikuwa ngazi za zege za kushukia abiria, kwenye kijiji kimoja cha delta, safari ya boti kutoka Nyamisati. Zabuni ilichukuliwa na kampuni kutoka Dar es Salaam, nayo ikatuchukua sisi kama mafundi. Hatua ya kwanza ya ngazi ilisombwa yote, kwa sababu niliimwaga siku za bamvua, maji yalipokuwa yakipanda juu kuliko kawaida. Mhandisi alikuwa ameniachia mimi kuchagua siku, kwa hiyo lawama zilikuwa zangu. Tukasubiri maji mafu, siku ambazo maji hupanda kidogo tu. Mchanga tulileta na boti, kwa kuwa wa pale chupa ya Chande ingeukataa kabla haijatikiswa. Maji ya kuchanganyia tulibeba kwa madumu kutoka kisimani, kwani ya pale yana chumvi na chumvi hula nondo. Akina mama wa kijiji ndio walioyateka. Bakari aliwapanga, aliwachekesha, na alihakikisha wanalipwa kabla yetu. Ngazi zile zipo hadi leo. Nenda kazione.

Siku ya kukabidhi, mkurugenzi wa kampuni alifika na viatu vyeupe, akapigwa picha kwenye ngazi ya tatu, akaondoka kabla maji hayajapwa. Bakari aliitazama boti mpaka ikapotea kwenye mikoko.

"Mmatumbi, yule ana nini ambacho sisi hatuna?"

"Kampuni."

"Inauzwa wapi?"

Nikaanza kuuliza inauzwa wapi. Mhandisi mmoja aliyetupenda alinieleza bila kuficha: mfumo wa zabuni haumwoni fundi, hata awe hodari vipi. Unaiona kampuni, namba yake ya mlipakodi, leseni yake, na cheti chake cha ukandarasi. Kwa kuwa mimi sina cheti cha shule, nilitakiwa pia kumwajiri fundi sanifu mwenye nacho. Nilimpata kijana wa Ikwiriri, mtu mzuri, hakuwahi kunisumbua.

Nawaambieni mapema, maana najua mtasema niliponzwa na kutosoma. Nilisoma. Majina matatu niliyoyachagua yalikataliwa kwa kuwa yalikuwa na wenyewe. La nne likapita. Katiba ya kampuni ilikuwa kurasa nyingi za Kiingereza, aina ya kitu ambacho watu husaini wakitazama saa ya ukutani. Mimi nilikwenda nayo nyumbani, nikaisoma na kamusi. Nilikuta kifungu kinachosema kwamba mwanahisa akifariki, waliobaki wanaweza kuwa wa kwanza kununua hisa zake kwa bei waliyokubaliana, kama wakipenda kifungu hicho kiwemo. Nilikielewa vizuri. Nikakiacha, kwa sababu niliona haya kumsomea rafiki yangu habari za kifo chake.

Zuhura, binti wa steshenari, alisema tunatakiwa watu wawili. "Weka mama watoto, baba. Wengi wanafanya hivyo."

Mke wangu Mwanahawa alikataa akiwa anachambua mchele, bila kuinua kichwa. "Jina langu lisikae huko. Siku mkidaiwa wewe utakuwa kazini, watanikuta mimi hapa."

Basi nikamchukua Bakari. Nilikuwa nimeweka akiba ya kufungulia mimi peke yangu: ada, mhuri, wakili wa kushuhudia saini, yote. Nilivyopanga, mimi ningekuwa na hisa tisini na tisa na Bakari moja, ya kutimiza sheria. Nilikuwa nimeandika hivyo kwenye karatasi niliyokuja nayo mfukoni. Siku hiyo ya Jumatano duka lilijaa. Kulikuwa na walimu wawili wakitoa nakala, dereva wa bodaboda akichaji simu, na mwanamke aliyekuwa akisubiri picha za pasipoti.

Zuhura akauliza, "Hisa mia moja. Tunagawaje?"

Kabla sijatoa karatasi, Bakari akasimama katikati ya duka, akafungua mikono kama anayehutubia.

"Jamani, shuhudieni! Huyu Mmatumbi alishuka milimani na kibuyu kimoja. Daraja la Ndundu alipoliona aliuliza linakula nini. Leo anafungua kampuni! Sasa, kila cha Mmatumbi?"

Dereva wa bodaboda, ambaye wala hatujuani, akaitikia, "Nusu chako!"

Duka zima likacheka. Zuhura peke yake alinitazama mimi. "Baba, hamsini kwa hamsini? Hiki si kitabu cha wageni. Kinaenda kisheria."

Karatasi ilikuwa mfukoni, vidole vyangu vimeigusa. Kuitoa ingekuwa kumwambia Bakari, mbele ya walimu na bodaboda, kwamba toka siku ile ya wali nilikuwa nahesabu punje. Nikasema, "Mwandikie mlafi huyo. Asipopewa ataulilia mpaka mhuri." Kicheko kikaongezeka. Zuhura akaandika, akatusomea, akabonyeza. Saa tisa na dakika ishirini.

Tulifungua akaunti ya benki na benki ikataka saini mbili, kwa sababu wakurugenzi ni wawili. Nililiona jambo zuri. Nilikuwa nimesoma kwamba kampuni ni mtu peke yake kisheria, ana mali yake na madeni yake, kwa hiyo kila nilichonunua nilikiandikisha kwa jina lake: mashine ya kuchanganya zege, mashine ya kushindilia, kiwanja cha yadi. Nilijivunia hilo. Wenzangu walinunua mashine kwa majina yao, na risiti walifungia vitumbua. Siku ya hesabu, wao ndio waliobaki na mashine zao.

Kazi zilikuja, ndogo ndogo na za heshima. Makalvati, mifereji, vyoo vya shule, sakafu za zahanati. Kalvati moja karibu na Nyamwage lilitutesa masika mazima, kwani kila tulipochimba msingi maji yalichimbuka kutoka chini. Tulilikalia vikao mimi na fundi sanifu, yeye na vitabu vyake, mimi na kimoja changu. Aliyetutoa ni Bakari, aliyekwenda kuuliza wakulima wa jirani na kurudi na habari kwamba pale palikuwa kisima kilichofukiwa. Tulisogeza msingi hatua chache, tukamaliza. Naandika hili kwa sababu baadaye niliulizwa swali, na hili ni sehemu ya jibu ambalo sikulitoa.

Kila mwaka kampuni inatakiwa kupeleka taarifa yake. Kila mwaka nilikaa kwenye kiti kilekile cha plastiki, na Zuhura, ambaye siku hizo alikuwa ameolewa na ana watoto, aliniuliza, "Baba, bado hamsini hamsini?"

"Bado."

"Haya."

Alikuwa na namna ya kusema "haya" ambayo ilikuwa kama ankara. Nilijua dawa yake. Hati moja ya kuhamisha hisa, saini ya Bakari, ada, basi. Lakini kuipeleka hati hiyo kwake kungekuwa kusema kwamba utani ule niliuchukulia kweli, na nimekaa nao moyoni mwaka hadi mwaka. Bakari hakuwahi kudai chochote kwa hisa zile. Alipokea ujira wake kama mimi nilivyopokea wangu. Nikajiambia kisichosumbua kisisumbuliwe. Ningelikuta tope la namna hiyo kwenye chupa, ningelirudisha lori.

Kisha Bakari akaugua sukari. Mguu ukawa na kidonda kisichopona. Siku moja alikuja yadini kwa bodaboda, akakaa juu ya mifuko ya saruji, fimbo magotini. Mafundi walikuwa wakisafisha mashine.

"Mmatumbi," akasema, "njoo uichukue nusu yako bwana. Imenichosha kuibeba, na mguu wenyewe ndio huu."

Mafundi wakacheka, wakanigeukia kusubiri jibu. Nikalitoa.

"Kaa nayo! Ukifa nitakuja kuidai kaburini, maiti haina ubishi."

Walicheka sana. Bakari naye alicheka, lakini alichelewa kidogo kuanza. Halafu akaichora ardhi kwa fimbo, akauliza habari za kokoto, akaondoka. Nimelirudia jambo hilo mara nyingi kuliko hesabu yoyote. Mtani hana mdomo mwingine wa kusemea. Hata akija na jambo zito kuliko yote, analileta kwa sauti ileile aliyochotea wali. Nami niliyejifunza kusoma Kiingereza cha sheria kwa kamusi sikumsoma mtu niliyekula naye sahani moja.

Alifariki kabla ya masika. Nilichimba kaburi na watani wenzangu, ndiyo kazi yetu. Jeneza lilipofika makaburini, watu walinitazama, kwa sababu zamu ilikuwa yangu na kila mtu alimjua Bakari na sentensi yake. Nikashuka kaburini, nikalala chali.

"Hazikwi mtu hapa! Huyu Mndengereko anaondoka na nusu yangu. Nilipeni nusu yangu kwanza!"

Hata sheikh alifunika mdomo. Hamidu, mtoto mkubwa wa marehemu, aliyekuja kutoka Mbagala anakouza simu, alikuwa akilia tangu asubuhi. Aliposikia hivyo akacheka huku machozi yakimtoka. Akainama, akanipa noti moja.

"Haya baba mdogo, nusu yako hiyo. Toka, mzee wangu apumzike."

Nikaipokea, nikaiinua juu watu waione, nikatoka. Tukamzika. Nilijiona nimemfanyia rafiki yangu wajibu wake wote.

Wiki iliyofuata benki ilizuia akaunti, kwa kuwa mwenye saini ya pili amefariki. Tulikuwa katikati ya mfereji wa maji ya mvua. Saruji ilikuwa haijalipiwa na vibarua walikuwa wakinitazama mikono. Nikachukua hati ya kuhamisha hisa, ileile niliyoikwepa, nikampelekea Hamidu, ambaye familia ilikuwa imemchagua awe msimamizi wa mirathi. Nilimweleza kwa utaratibu, kifungu kwa kifungu, kama ninavyoeleza kila kitu. Kwamba baba yake ana hisa hamsini kwenye karatasi. Kwamba zilikuwa mzaha wa steshenari. Kwamba anisainie zirudi.

Aliisoma hati mara mbili. "Yaani mzee alikuwa na nusu ya kampuni?"

Hakuwa akijua. Hakuna aliyekuwa akijua pale nyumbani. Mimi ndiye niliyewapelekea habari hiyo, imepigwa chapa, ina mhuri.

Baada ya arobaini tuliitana nyumbani kwa marehemu. Walikuwepo mjane wake Bi Asha, watoto, ndugu wa pande zote na jirani wachache. Nikarudia maelezo yangu. Nilieleza akiba niliyotoa peke yangu, ada niliyolipa peke yangu, na siku ile dukani. Nilisema hisa zile zilikuwa utani, kila mtu hapa anajua utani ni nini.

Bi Asha alikuwa amekaa mkekani, amejifunika kanga. Akauliza polepole, "Shemeji, kwani Bakari alikuwa hafanyi kazi?"

"Alifanya, shemeji."

"Alilipwa?"

"Kila kazi alilipwa."

"Na wewe?"

"Na mimi."

"Sawasawa na yeye?"

"Sawasawa."

"Basi mwenzenu mmoja amekuwa mwenye mali na mwingine kibarua vipi, na sahani ilikuwa moja?"

Hapo ndipo ningetaja kisima kilichofukiwa, na akina mama wa madumu, na mashamba ya muhogo. Kwa mizani ya haki niliyokuwa nimeibeba, vyote hivyo vilikuwa upande wake, si wangu. Hamidu akachukua zamu. Alisema kwa upole, akiwa na tabasamu la baba yake, lile la pembeni.

"Baba mdogo, siku ya mazishi hukudai nusu yako?"

"Nilidai."

"Ukalipwa?"

"Mlinilipa."

"Ukapokea mbele ya nani?"

Mjomba wake mmoja akajibu kwa niaba yangu: "Mbele yetu sote! Akaipungia na mkono!" Chumba kizima kikalipuka, Bi Asha akaficha uso kwenye kanga, mabega yakimtikisika. Hamidu ni mtoto wa mtani wangu, kwa hiyo naye ni mtani wangu. Alikuwa na haki yote ya kunitania, na mimi sikuwa na haki ya kukasirika. Nikacheka. Ndivyo inavyotakiwa.

Wakili niliyemwendea hakuhitaji habari za kaburini. Alifungua daftari la wanahisa kwenye kompyuta yake, akanigeuzia kioo. Mstari wa kwanza jina langu, hamsini. Mstari wa pili jina la Bakari, hamsini. "Mzee, hapa una hoja gani?" Nilimkumbuka Chande na chupa yake. Sikuwa na hoja. Nilikuwa na historia tu.

Hamidu si mwizi. Angekuwa mwizi ningejua pa kumpeleka. Alikuwa na mama mjane, wadogo shuleni, na karatasi halali. Hakutaka kukaa na mimi kwenye kampuni, alitaka sehemu yao waondoke nayo, na bila saini yake akaunti haifunguki. Mfereji ulikuwa ukijaa mchanga. Fedha ya kuwanunua sikuwa nayo, nikakubali. Tulilipa saruji na vibarua, tukamaliza mfereji, kisha tukauza. Mashine ya zege ilinunuliwa na mtu wa Ikwiriri, aliyejaribu kuiwasha mara tatu mbele yangu kana kwamba mimi ndiye niliyemficha hitilafu. Yadi ilinunuliwa na mfanyabiashara wa mbao. Kampuni ikafutwa kwenye daftari. Zuhura ndiye aliyejaza maombi ya kuifuta, na safari hii hakuniuliza kitu. Alinipunguzia bei ya kuchapa.

Kwa hiyo, vijana, mkifungua kampuni, karatasi uliyokuja nayo mfukoni itoe kabla mtu hajasimama kuhutubia. Andikeni hisa kwa kadiri kila mtu anavyoleta, na kazi ya mdomo nayo ni mtaji, ipimeni siku ya kwanza, msije mkapimiwa na mjane. Kifungu cha mwanahisa aliyefariki kisomeni kwa sauti, wote mkiwa hai. Na ukitaka kuingiza mtani, ingiza, lakini mtafute mtu wa tatu wa kuwaulizia maswali, kwa sababu ninyi wawili hamwezi kuulizana.

Bakari hakuniibia. Wala mimi sikumwibia. Hilo ndilo linalonikera zaidi, kwa kuwa hasira yangu haina mlango wa kugonga. Nikienda kumzuru makaburini nakosa hata la kumtania.

Familia yake ilipata shilingi milioni kumi na tisa na laki sita. Noti niliyolipwa kaburini sijaitumia. Katika nusu yote ya Bakari, kilichorudi mkononi mwangu ni shilingi elfu tano.